Liwale, Nchi Pana Yenye Watu Wachache

Mwezi huu twende upande wa kusini, katika Mkoa wa Lindi, tukaitazame Wilaya ya Liwale. Wengi hulisikia jina hilo msimu wa korosho na ufuta, kisha hawalisikii tena mpaka mavuno ya mwaka wa pili. Nayo ni wilaya ya kustaajabisha.

Ukubwa wake wapita kilometa za mraba 34,000. Nchi nzima ya Rwanda ni kilometa za mraba 26,338 tu. Basi Liwale, iliyo wilaya moja, yaipita. Lakini tazama watu. Mwaka 2012 serikali za nchi zote mbili zilihesabu watu wao: Rwanda walipatikana zaidi ya milioni 10, na Liwale 91,380. Ukiwatawanya watu hao juu ya ardhi yote ya wilaya, hawafiki watatu katika kilometa moja ya mraba.

Walakini asidhani mtu kwamba wamekaa hivyo, watatu hapa na watatu pale. Zaidi ya nusu ya wilaya, upande wa magharibi kuelekea mto Luwegu, ni pori la wanyama, na humo hapana ruhusa ya kulima wala kujenga. Watu wamekaa mashariki na kusini, na vijiji vyao vimefuata njia kuu, ile iendayo Nachingwea na ile iendayo Nangurukuru karibu na pwani ya Kilwa. Kati ya kijiji na kijiji ni miombo mitupu, pamoja na mininga na mipingo. Mvua ni za msimu mmoja, tangu mwisho wa mwaka hata Aprili au Mei. Wakati huo vijito hujaa na njia za udongo hukatika. Wakati wa kiangazi vijito hivyo hivyo hubaki mchanga, nao akina mama huchimba mchanga wapate maji.

Sasa tuulize, mbona watu ni wachache hivi? Wako wasemao kwamba nchi ile ilikuwa pori tangu mwanzo, kwa kuwa ina mbung'o na tembo wengi. Neno hilo si la kweli, nalo lawaonea wenyeji. Wangindo walikuwa wakulima. Hawakupenda kukusanyika katika miji mikubwa. Kila jamaa walikaa na mashamba yao, wakawinda, wakapata nta na mpira wa msituni, wakavipeleka kwa wafanya biashara wa pwani. Kabla ya Wadachi walikwisha kuteswa na mashambulio ya Wangoni na biashara ya watumwa iliyoelekea Kilwa, lakini nchi yao ilikuwa bado na watu.

Ndipo ikaja Vita ya Majimaji. Mwezi wa Agosti 1905 boma la Wadachi la Liwale lilichomwa moto. Tarehe 14 mwezi huo huo, katika nchi hiyo, aliuawa Askofu Cassian Spiss pamoja na mabradha wawili na masista wawili, waliokuwa safarini kwenda Peramiho. Majeshi ya Wadachi yalipopata nguvu yalichoma ghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Katika nchi zote zilizopigana, wataalamu wengine hukadiria waliokufa kuwa 75,000, na wengine hufika 300,000.

Yafaa tufahamu mambo yaliyofuata, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mkulima ndiye azuiaye pori. Alimapo hukata miti, huchoma nyasi, na huwafukuza wanyama. Akifa au akihama, msitu hurudi katika mashamba yake. Tembo na nyati huufuata msitu, na mbung'o huwafuata wanyama, wakileta malale. Watu waliobaki huzidi kuwa wanyonge, na pori huzidi kusogea. Basi mbung'o hawakuanza kuiondoa watu Liwale. Watu waliondolewa kwanza.

Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliamuru maelfu ya watu wahame magharibi ya Liwale, wakusanywe mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni malale. Wakubwa wa idara ya wanyama nao walitaka pori lile liwe la tembo peke yao, nalo likaongezwa katika Pori la Akiba la Selous. Labda kweli wako waliookolewa na ugonjwa. Lakini makaburi ya wazee wao yalibaki huko, na wao hawakurudi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Siku hizi mgeni huonyeshwa mapori hayo kama nchi isiyopata kuguswa na mtu.

Miaka ya 1970 serikali ya Tanzania nayo ilikusanya watu katika vijiji, ndiyo maana vijiji vimepangana njiani hivi. Hapo shule na zahanati zilikaribia, ila mashamba ya zamani yalikuwa mbali.

Hata hivyo watu waongezeka. Mwaka 2002 walikuwa 75,546, na miaka kumi baadaye ni hao 91,380 tuliowataja. Vijiji vyao vimepata pia haki juu ya msitu wa Angai, wenye karibu hekta 140,000, ambao ni mali ya vijiji vyenyewe. Lakini mhogo na mahindi yakikaribia kukomaa, bado mwenye shamba hukesha katika dungu, moto chini yake na debe mkononi, akisikiliza kama tembo waja.