Mkonge au Alovera? Chunguza Jani Kabla ya Kununua

Katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za Kinondoni na Temeke, mimea yenye majani manene na miiba huuzwa kwa wingi. Mimea ya jamii ya mkonge, yaani agave, inaweza kudhaniwa kuwa alovera, ambayo kwa Kiswahili ni mshubiri. Kukosea hapo kuna madhara. Ute wa ndani wa mshubiri hupakwa na wengi ngozini, ilhali utomvu wa agave una chembe kali zinazoweza kuwasha ngozi na kuitoa malengelenge. Kabla ya kulipa, mlaji achunguze mambo matatu: ncha ya jani, kingo zake na kilichomo ndani.

Namna ya kuitambua mimea hii

1. Mkonge wa mashambani, Agave sisalana. Huu ndio ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf. Jani lake ni gumu na limenyooka kama upanga. Ncha ina mwiba mmoja mweusi, na kingo za mmea uliokomaa hazina miiba. Mche mchanga, hata hivyo, huweza kuwa na meno madogo kingoni. Kwa hiyo usiamue kwa kingo peke yake.

2. Agave americana. Majani ni ya kijivu kinachoelekea buluu, na mengine yana mistari ya manjano. Kingo zina meno yaliyopinda kama ndoana, na mwiba wa nchani huweza kuzidi sentimita 3. Mgongoni mwa jani huonekana chapa za meno ya majani jirani.

3. Agave angustifolia ya mapambo. Majani ni membamba, yenye kingo nyeupe, meno madogo na ncha kali.

4. Agave attenuata. Majani ni mapana na laini, hayana meno wala mwiba. Kwa nyumba yenye watoto, hii ina nafuu kuliko nyingine.

5. Mshubiri. Kingo zina meno madogo, lakini ncha haina mwiba mgumu. Jani hukatika kwa urahisi na ndani mna ute mwangavu. Jani la mkonge halikatiki hivyo, kwa kuwa limejaa nyuzi, zile zile zinazotoa katani.

Tahadhari

Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji akate kipande cha jani mbele yako, na usiuguse utomvu wake. Usipande agave yenye miiba karibu na lango, njia ya wapita njia au mahali wanapocheza watoto. Mche wa kwenye kopo leo huweza kutanuka kufikia mita 2 au zaidi. Utomvu ukikugusa, osha kwa maji mengi na sabuni, wala usijifute macho. Mwiba ukimchoma mtu jichoni, usiuchomoe. Mpelekeni hospitali mara moja.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Dai risiti iliyoandikwa jina la mmea ulionunua. Ukigundua kuwa umeuziwa mmea mwingine, mrudie muuzaji ukiwa na risiti hiyo pamoja na mmea wenyewe. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko yako.