Msichana Anayekataa Kula: Ubongo Wake Una Nini?

Mfikirie msichana wa miaka 16 katika nyumba moja hapa Bagamoyo. Wali wa nazi umepikwa, samaki yupo. Yeye anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Miezi inapita. Mifupa ya mabega imetokeza, hedhi imekatika, na bado anajiona mnene. Shangazi anamwambia mama, "Wifi, mwanetu ana shetani. Mtafutie mganga." Majirani nao wana yao. Wananong'ona UKIMWI.

Huenda ni ugonjwa uitwao anoreksia. Mgonjwa anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Si sawa na saumu. Mfungaji wa Ramadhani anangoja magharibi kwa hamu. Huyu, futari ikiletwa, anatafuta sababu ya kuondoka.

Daktari William Gull wa London aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1873. Kwetu pwani unene ni sifa. Mwali akitoka ndani amenawiri, watu wanapiga vigelegele. Kwa hiyo wengine husema huo ni ugonjwa wa Wazungu tu. Hapana. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya wasichana na wanawake 214 wa Tanzania. Dalili za kuhangaikia unene na chakula zilikutwa, hasa kwa waliozoea zaidi picha na mambo ya nchi za Magharibi. Na siku hizi picha hizo zimo ndani ya simu.

Sasa tuje kwenye ubongo. Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini ubongo ni laini. Wataalamu hutumia MRI, mashine ya sumaku yenye nguvu sana. Mtu analala chali ndani ya kitu kama bomba kubwa. Mashine inagonga kama fundi bati, lakini haimkati wala haimchomi. Picha zinatoka vipande vipande, kama mkate wa kumimina uliokatwa.

Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali waliunganisha picha za wanawake zaidi ya 1,600. Kati yao 685 walikuwa na anoreksia. Ganda la juu la ubongo wa wagonjwa lilikuwa jembamba. Kumbe hayakondi mashavu peke yake, ubongo nao unakonda! Lakini kwa wale walioanza kurudisha uzito, tofauti ilikuwa ndogo.

Ubongo wenye njaa hufikiri vingine. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa na huzuni, wakagombana, wakawaza chakula usiku na mchana. Njaa ndiyo iliyowageuza. Basi kumwambia msichana "acha maringo" ni kazi bure.

Lakini usiuze mbuzi kwa ajili ya MRI. Picha hizo ni za utafiti. Hakuna daktari anayeweza kuzitazama tu akasema huyu ana anoreksia.

Anza zahanati. Apimwe uzito, kifua kikuu, UKIMWI, kisukari na minyoo, maana hivyo ndivyo vinavyokondesha watu wengi kwetu. Visipoonekana, aulizwe taratibu anauonaje mwili wake. Hospitali ya wilaya inaweza kumwandikia barua ya kwenda Muhimbili, kwenye idara ya magonjwa ya akili.

Na mama, usimshindilie chakula. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akila kingi ghafla, chumvichumvi za damu huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Wauguzi wa watoto wenye utapiamlo wanalijua hilo. Huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Msichana huyu naye anahitaji kupimiwa na wanaojua.

Akizimia, au miguu ikivimba, au moyo ukipiga polepole mno, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenyewe anasema hajambo.