Mrehani na kivumbasi: Je, harufu ya mlangoni hufukuza mbu na mashetani?

Katika pwani ya Waswahili, kutoka Lamu na Unguja hadi kwa Wamwani wa kaskazini mwa Msumbiji, nyumba hujulikana kwa harufu yake kabla mgeni hajapiga hodi. Kuna udi, kuna asumini, na kuna majani mabichi yanayonukia kila upindo wa nguo unapoyagusa.

Majani hayo mara nyingi ni ya mrehani, ambao Wareno huuita manjericão, au ya ndugu yake wa porini, kivumbasi. Katika mahali kama Mucojo, wilayani Macomia, swali la kazi ya mimea hii si la urembo peke yake. Mwambao huo ulipigwa na Kimbunga Kenneth Aprili 2019, na mnamo Januari 2024 wapiganaji wenye silaha waliiteka Mucojo yenyewe. Familia nyingi za Cabo Delgado zimelala chini ya maturubai tangu vita vilipoanza Oktoba 2017, na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa malaria duniani.

Mimea hii ni ipi?

Mrehani na kivumbasi ni wa jamii moja na mnanaa. Katika jamii hiyo umo pia mmea wa Ulaya na Asia uitwao kisayansi Nepeta cataria, ambao paka akiunusa hugaragara kama aliyelewa. Majani ya mimea hii yana vifuko vidogo mno vya mafuta. Jani likiguswa au kutafunwa, vifuko hupasuka na harufu hutoka. Kwa mmea, hiyo ni silaha dhidi ya wadudu. Kwa binadamu, ni manukato.

Neno mrehani lina asili ya Kiarabu, na mimea yenye harufu nzuri imetajwa kwa jina hilo katika Qurani, Sura ar-Rahman. Ndiyo maana haushangazi kuonekana katika furaha na katika msiba. Wanawake huusokota pamoja na asumini katika kikuba na kukivaa kifuani au nyweleni.

Je, ni kweli hufukuza mbu?

Ndiyo, lakini kwa kiasi. Magharibi mwa Kenya, wanasayansi walipanda aina ya kivumbasi, Ocimum americanum, katika vyungu na kuviweka kwenye vibanda vya majaribio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa mmea huo ulio hai, bila kuchomwa wala kukamuliwa, ulipunguza mbu waenezao malaria kwa takribani asilimia 40. Hata ule mmea wa paka una sifa hiyo: mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State nchini Marekani walieleza kuwa mafuta yake yaliwafukuza mbu vizuri sana katika maabara.

Asilimia 40 si haba, lakini maana yake ni kwamba katika kila mbu kumi, sita bado wanaingia, na mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kumwambukiza mtoto. Zaidi ya hayo, mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo kila kinga ina saa yake. Kivumbasi kinafaa jioni, watu wakiwa barazani au jikoni. Wakati wa kulala, kazi ni ya chandarua chenye dawa.

Wengine huchoma majani makavu ili moshi uwafukuze mbu. Moshi huo husaidia, lakini ndani ya chumba kidogo au hema huumiza mapafu, hasa ya watoto wachanga. Ni bora uwe nje, upande unakotoka upepo.

Vipi kuhusu majini na husuda?

Katika mila za pwani, harufu ni lugha ya kuzungumza na wasioonekana. Ruhani husemwa kuwa hupenda manukato, na kivumbasi hutumiwa katika nyungu na mafukizo ili kuondoa husuda na pepo wabaya. Sayansi haina kipimo cha imani hiyo, na kwa mtu aliyepoteza nyumba na jamaa, harufu ya kwao ina faraja ambayo haihitaji kupimwa.

Hatari ipo mahali pamoja: degedege. Tafiti zilizofanywa katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kuwa mtoto anayekakamaa na kutetemeka mara nyingi huaminiwa kuwa ameingiwa na shetani, hivyo hufukizwa kwanza. Kumbe degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali, ambayo huua kwa muda mfupi. Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa ndani ya saa 24. Akipata degedege, akipoteza fahamu au akishindwa kunyonya, apelekwe kwenye kituo cha afya papo hapo. Dua inaweza kusomwa njiani.

Hupandwaje?

Mrehani hauhitaji shamba. Kopo lililotobolewa chini, mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, na mahali penye jua vinatosha. Mbegu zake ni ndogo, hivyo zinyunyizwe juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Huota kwa siku tano hadi kumi. Anayekosa mbegu anaweza kukata tawi changa, kulitia katika maji hadi litoe mizizi, kisha kulipanda.

Vikonyo vya maua vikatwe mapema ili majani yaendelee kuchipua, lakini kikonyo kimoja kiachwe kwa ajili ya mbegu. Majani yaanikwe kivulini, kwa kuwa jua hupeperusha mafuta yake. Na maji yasituame chini ya kopo, kwani yanaweza kuzalisha mbu walewale wanaofukuzwa.

Mimea hii huweza pia kuleta riziki. Karibu na msitu wa Kakamega nchini Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima aina nyingine ya jamii hiyo, Ocimum kilimandscharicum, na kutengeneza dawa ya kuchua. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa aliyeacha minazi na mashua nyuma yake, bustani nzima haibebeki. Mbegu za mrehani zilizofungwa katika ncha ya leso hubebeka. Palipo na kopo, jua na maji kidogo, harufu ya nyumbani inaweza kuota tena mlangoni, mradi ndani chandarua kiwe kimetungikwa.