Wolfram: jina la ukoo wa Wajerumani, jina la jiwe letu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu wenye kutwanga mawe, jina wolfram tunalisikia kila siku mbele ya mizani. Wengi wetu tunafikiri ni neno la wanunuzi tu. Kumbe kule Ujerumani na Austria kuna familia zenye kuitwa Wolfram, na jina lao halikutoka mugodini. Tufuate njia ya majina haya mawili, juu moja liko na akili ya wachimbaji wa zamani yenye kuweza kulinda feza yetu leo.

Tuanze na jina la mutu. Katika Kijerumani cha kale, wolf ni mbwa mwitu, ule loup wa vitabu vya shule, na hraban ni kunguru. Yakaunganishwa, yakawa Wolfram, jina la mwanaume. Karibu mwaka 1200 mushairi mukubwa wa kule aliitwa Wolfram von Eschenbach. Nyuma ya pale, jina la baba likabaki kwa watoto na wajukuu, likawa jina la ukoo. Lakini halikuenea sana. Majina yenye kujaa kila muji kule ni Müller, maana yake musaga unga, na Schmidt, maana yake muhunzi. Hata hivyo Wolfram limevuka bahari: Stephen Wolfram, mutaalamu wa hesabu na kompyuta anayefanya kazi Marekani, alizaliwa London mwaka 1959, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Ujerumani.

Sasa tuje kwa jiwe. Kule Saxe, wachimbaji wa zamani walikuwa wanatafuta étain sawa siye. Wakati wa kuyeyusha kasiteriti, mara ingine waliona étain inapunguka. Jiwe moja jeusi, zito, lilikuwa limejificha ndani. Wakasema: jiwe hili linakula étain yetu sawa mbwa mwitu anavyokula kondoo. Kwa hiyo wolf ya jiwe ni mbwa mwitu yule yule, lakini kunguru hayuko. Ile sehemu ya pili, wengine wanasema ni povu, wengine wanasema ni uchafu mweusi.

Mwaka 1546 munganga mumoja wa muji wa migodi aliandika neno hilo kwa Kilatini: povu la mbwa mwitu. Watu wanamujua kwa jina Agricola, lakini jina la ukoo wake lilikuwa Bauer, ni kusema mulimaji. Mwaka 1783, ndugu wawili wa Hispania, Juan José na Fausto Elhuyar, walitoa chuma chenyewe ndani ya jiwe lile. Wafaransa wanakiita tungstène, lakini alama yake shuleni ni W, ya wolfram. Kinayeyuka tu kikipita digrii 3.400. Ndiyo maana kilitumiwa ndani ya ampuli, na leo kinatengeneza mèche za kutoboa mwamba.

Mbwa mwitu huyo bado anakula. Mufuko wa kasiteriti wenye wolfram ndani, munuzi anaweza kuuita muchafu na kukata bei, tena ile wolfram, yenye soko yake, ikaenda bure. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha: zote ni nzito, zote nyeusi-nyeusi. Lakini sumaku (aimant) yenye nguvu inavuta wolfram, na kasiteriti safi inabaki. Sumaku ya kipaza sauti haitoshi. Inaokota paka muchanga wa chuma. Kunaombwa mashine ya sumaku, sawa zile za depo.

Basi mukifika depo, muombe mashine ipite mbele ya macho yenu, na wolfram ipimwe peke yake. Wenzetu wa Saxe waliliita mbwa mwitu ili asiingie zizini bila kujulikana.