Kinachobaki Sufuriani

Gome la muthiga huwasha ulimi kuliko pilipili manga, kwa hiyo mtu wa Bonde la Ufa hahitaji kuambiwa kwamba mti huu una kitu ndani yake. Wakalenjin huuita sogoet, Wamaasai osokonoi, nao wanasayansi Warburgia ugandensis. Kandokando ya misitu ya Mau gome lake hutafunwa kwa jino bovu na huchemshwa kwa kifua na kikohozi. Siku hizi wapo wanaolikausha, wakalisaga na kuliloweka kwenye pombe kali, kisha wakanywa kwa matone. Dawa ya namna hiyo ndiyo tinkcha.

Kinachowasha kinajulikana. Mwaka 1976 na 1977 wanakemia Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walioshirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walitangaza walichokipata katika miti ya jamii hii. Hawakuwa wakitafuta dawa ya kikohozi, bali kitu cha kumfanya kiwavijeshi asuse jani. Walikipata: warburganali na muzigadiali. Ndugu yao, poligodiali, ambayo pia imo katika gome hilo, huua maabarani ile hamira ya Candida inayoleta utando mweupe mdomoni. Molekuli hizi zina ncha mbili zinazonasa protini, hivyo mwasho unaousikia ulimini ni kemia ikifanya kazi papo hapo.

Shida ni kwamba haziyeyuki vizuri katika maji. Chemsha gome hata asubuhi nzima, sehemu kubwa itabaki kwenye makapi unayoyatupa. Alkoholi ina upande unaoelewana na maji na upande unaoelewana na mafuta, kwa hiyo hutoa vitu vya namna zote mbili. Wazee hawakuwa na maabara, lakini Wamaasai wanaotia magome katika supu ya nyama iliyonona wamekuwa wakitumia mafuta kufanya kazi ambayo maji peke yake hayaiwezi. Pombe ya kienyeji ya muratina nayo ina alkoholi, ila ni kidogo mno kwa kazi hii.

Hapa ndipo ninapoachana na wauzaji wanaosema tinkcha ni dawa ileile ya nyanya, tena yenye nguvu zaidi. Si ileile. Mti ni mmoja, lakini kilichomo kwenye chupa si kilichokuwamo kwenye sufuria. Kipimo ambacho nyanya alikijua kwa uzoefu wa miaka mingi kilikuwa cha maji, na hakihamii kwenye alkoholi.

Mti mwingine, muiri au tendwet, unaonyesha jambo hilo vizuri. Gome lake huchemshwa katika misitu hiyohiyo ya Mau, lakini dawa ya tezi dume iliyouzwa Ulaya kwa miongo kadhaa ilitolewa kwa viyeyusho vinavyochukua mafuta ya gome. Majaribio 18 yaliyowahusisha wanaume 1,562, yalipopitiwa kwa pamoja, yalionyesha nafuu ya wastani katika kukojoa, ingawa mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Nafuu hiyo ni ya kile kilichopimwa. Anayechemsha gome Molo hawezi kuidai, wala anayeliloweka. Na mti wenyewe umeponzwa na sifa hiyo: tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Utengenezaji wa tinkcha si mgumu. Gome hukaushwa kivulini na kusagwa, kisha gramu 100 hutiwa katika mililita 500 za pombe kali. Asilimia 40 huzuia bakteria na ukungu, ingawa gome lenye utomvu hutoa zaidi kwa 60 au 70. Chupa ya kioo hufungwa, hutikiswa kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kisha dawa huchujwa na kuwekwa gizani. Andika juu yake mti, sehemu ya mti, kiwango cha pombe na tarehe.

Spiriti ya kusafishia vidonda isiguse dawa ya kunywa, wala chang'aa isiyojulikana ilikotoka. Huenda zina methanoli, ambayo haina rangi ya kuitambulisha, na inapofika mwilini hugeuka asidi inayopofusha macho na kuua. Novemba 2000 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi.

Hata pombe halali haimfai kila mtu. Matone 30 ya tinkcha ya asilimia 40 yana alkoholi kidogo sana kwa mtu mzima, lakini usimpe mtoto wala mjamzito, na mwenye ini bovu aiache. Anayemeza Flagyl huonywa asiguse pombe ya aina yoyote. Na kikohozi kilichopita wiki mbili kipelekwe hospitali ya serikali, makohozi yapimwe kifua kikuu; dawa zake hutolewa bure.