Ukiona mwamba mbele, usinyamaze: ujumbe wa mwanamaji mstaafu

KIJANA, kuna methali ambayo sisi wazee tunapenda kukutupia kila unapouliza swali kuhusu uongozi: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tukisema hivyo huwa tunakwambia kwa adabu kwamba unyamaze, usukani uwaachie wakubwa.

Mimi nimestaafu kutoka Jeshi la Wanamaji, na kwa maoni yangu methali hiyo ni ya kweli ila tunaitumia vibaya. Melini nahodha ni mmoja, hapo sawa. Lakini kuna mlinzi wa zamu anayesimama akitazama bahari, usiku na mchana. Mara nyingi huyo ni baharia wa cheo cha chini, rika lako tu. Akiona mwamba, au ngalawa ya mvuvi isiyo na taa, lazima aseme papo hapo. Hangoji kuulizwa, wala hajali kama nahodha ataamka na hasira. Akinyamaza kwa heshima, sote tutazama kwa heshima.

Sasa niambie, uzalendo wa huyo kijana uko wapi? Kwenye bendera inayopepea ama kwenye mdomo wake?

Tukiwa huku Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kupata funzo. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati, jirani na kambi yetu ya wanamaji. Ilistahili kubeba abiria 300, ikabeba takriban 400. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda tu kazini kutafutia watoto unga. Abiria 100 wa ziada si kitu cha kufichwa mfukoni. Wanaonekana. Nchi nayo huzama hivyo hivyo, kwa mambo ambayo kila mtu anayaona na kila mtu anangoja mwingine aseme.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodai eti vijana wa siku hizi hamna uzalendo. Mwaka 2024 mliusoma Mswada wa Fedha, mkautafsiri kwa lugha za nyumbani, mkaueleza TikTok hadi mama mboga akaelewa. Juni 26, Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Lakini bei ilikuwa nzito mno. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu angalau vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo. Kumpiga risasi anayepaza sauti hakuondoi mwamba. Mwamba uko palepale, na sasa meli imepungukiwa na macho.

Usinielewe vibaya. Sikwambii uishi kama askari. Askari hutii amri halali, na akiwa na gwanda hashabikii chama. Wewe ni raia. Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja uzalendo kati ya maadili ya taifa, kisha kwenye orodha hiyo hiyo kinaweka ushiriki wa wananchi, uwazi na uwajibikaji. Kwa hivyo anayekwambia mzalendo haulizi maswali, mwambie akaisome tena.

Ila kuna namna ya kupaza sauti. Mlinzi wa zamu hapigi tu mayowe kwamba mambo ni mabaya. Anasema kitu kiko upande gani, kiko umbali gani, na kinaelekea wapi. Hapo nahodha hana pa kujificha. Ukiandika mtandaoni kwamba MCA wako ni mwizi, atacheka aendelee na chai yake. Lakini ukiuliza barabara fulani ilitengewa shilingi ngapi, mwaka gani wa bajeti, na nani alilipwa, jasho litamtoka. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tena mikutano ya bajeti ya kaunti hutangazwa, halafu tunaenda sisi wazee watupu, tunakunywa soda, tunapiga makofi. Njoo na mbogi yako mkae viti vya mbele.

Jambo lingine ni hongo. Usajili wa KDF ni bure, lakini kila mwaka kuna familia zinazouza ng'ombe ili kijana wao apate nafasi. Najua kusota si mchezo. Hata hivyo, fikiria: aliyenunua nafasi ya ulinzi atataka kuuza anachokilinda. Ni hivyo kwa polisi, kwa karani wa kaunti, na kwa mbunge aliyenunua kura yako kwa mia mbili.

Mwisho, zamu haishi kwa siku moja. Ukimaliza yako unampa mwenzako habari kamili, unalala, kisha unarudi. Uzalendo wa wiki moja ya hashtegi haufikishi meli bandarini. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na wapigakura milioni 22.1 waliosajiliwa. Vijana walikuwa karibu asilimia 40 tu, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Kwani mlimwachia nani zamu?

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kama huna kura, chukua kitambulisho chako uende ofisi ya IEBC ya eneobunge lako, usingoje foleni za mwisho. Kama tayari unayo, mvute mkono jirani yako mmoja ambaye hana. Njiani mwulize kama anajua bajeti ya wadi yenu ni shilingi ngapi. Akikosa jibu, na wewe pia ukikosa, basi mmeshapata swali la kupeleka kwa MCA.