Njia ya Hewa Katika Kasha Dogo la Kompyuta: Ufafanuzi wa Usanifu na Upozaji

Utangulizi

Kasha dogo la kompyuta, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni lile ambalo ujazo wake hauzidi lita 20, ilhali ndani yake mna vipuri vyenye nguvu sawa na vile vya kasha la kawaida la lita 40 au 50. Ukomo huo wa lita 20 ni mazoea tu ya wasanifu na watumiaji wa makasha haya. Kinacholifanya kasha la namna hii listahili kuchunguzwa ni ukweli kwamba joto halipungui kwa sababu nyumba yake imepunguzwa. Kichakataji cha wati 100 hutoa wati 100 za joto kikiwa ndani ya lita 50, na hutoa wati hizohizo kikiwa ndani ya lita 7.

Maelezo yaliyozoeleka hudai kuwa kasha dogo hupata moto kwa kuwa hewa iliyomo ndani ni chache. Maelezo hayo yana kasoro, na kasoro hiyo huwapotosha wasanifu wengi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ujazo wenyewe una athari ndogo. Kinachoamua ni iwapo kila chanzo cha joto kina mlango wake wa kuvuta hewa ya nje na njia ya kutolea hewa iliyokwisha kupata moto, bila hewa hiyo kurudi ilikotoka.

Vipimo vinavyoamua umbo

Msingi wa makasha haya ni ubao-mama wa Mini-ITX, kiwango kilichoanzishwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Ubao huo una pande za milimita 170 kwa 170, yaani chini kidogo ya asilimia 40 ya eneo la ubao wa ATX wenye milimita 305 kwa 244. Kitengo cha umeme nacho kina umbo dogo liitwalo SFX, ambalo ujazo wake, takriban lita 0.8, haufiki nusu ya ule wa ATX. Kipuri ambacho hakikukubali kupungua ni kadi ya grafiki: kadi zenye nguvu hukaribia au kupita milimita 300 kwa urefu. Kwa hiyo, msanifu wa kasha dogo huanza na kadi, kisha huvitafutia vipuri vingine nafasi kandokando yake.

Mifano miwili inatosha kudhihirisha njia zilizofuatwa. NCASE M1, iliyoingia sokoni mwaka 2013 ikiwa na ujazo wa takriban lita 12.6, iliacha kadi ichomekwe moja kwa moja kwenye ubao-mama kama ilivyo katika kasha la kawaida, na ubavu wake mmoja ukatengwa kwa ajili ya feni mbili au rejeta ya milimita 240. DAN A4-SFX, ya takriban lita 7.2, ilifuata mpangilio mwingine: ubao-mama na kadi hupeana mgongo, ukuta mwembamba ukiwa katikati, na kebo bapa ikiviunganisha. Mpangilio huu hupunguza ujazo kwa kiasi kikubwa, lakini una gharama mbili. Kwanza, kipozaji cha kichakataji hubaki na kimo cha milimita 48 tu. Pili, kebo hubeba mawimbi ya umeme ambayo kasi yake iliongezeka maradufu kutoka toleo la 3.0 hadi la 4.0 la PCIe. Kebo nyingi za awali hazikuweza kubeba kasi hiyo bila makosa, na watumiaji walilazimika kuirudisha kadi kwenye toleo la 3.0 kupitia mipangilio ya ubao-mama.

Hesabu ya hewa

Iwapo kompyuta inatumia wati 400, na hewa inaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi kati ya kuingia na kutoka, kiasi cha hewa kinachohitajika hupatikana kwa kugawa nguvu hiyo kwa zao la uzito wa hewa kwa ujazo (kilo 1.2 kwa mita ya ujazo), uwezo wake wa kubeba joto (jouli 1005 kwa kilo kwa kila nyuzi) na hizo nyuzi 10. Jibu ni takriban lita 33 kwa sekunde. Katika kasha la lita 10, hewa yote iliyomo inapaswa kubadilishwa zaidi ya mara tatu kila sekunde.

Idadi hiyo hushtua, lakini inapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kasha la lita 50 lenye vipuri hivyohivyo linahitaji lita 33 zilezile kwa sekunde. Tofauti yake ni akiba ya lita 40 za hewa ya ziada, na akiba hiyo ina uzito wa gramu 48 hivi. Wati 400 huipandisha joto kwa nyuzi 10 katika muda wa sekunde moja na robo. Baada ya hapo akiba imekwisha, na makasha yote mawili yanategemea mtiririko peke yake. Kasha kubwa hupoa vizuri zaidi kwa sababu lina nafasi ya feni kubwa, mapezi marefu na umbali kati ya vyanzo vya joto. Hayo ni masuala ya njia ya hewa, wala si ya wingi wake.

Imani mbili zinazohitaji kupimwa

Imani ya kwanza ni kwamba hewa ya moto hupanda, kwa hiyo matundu yawe juu. Kanuni ya myuko ni sahihi, ila nguvu yake ni ndogo mno. Ndani ya kasha lenye kimo cha sentimita 30, ambamo hewa imezidi ya nje kwa nyuzi 20, kanieneo linalotokana na myuko ni karibu paskali 0.2. Feni ya kawaida ya milimita 120 hufikia paskali 10 hadi 30 mtiririko wake unapozuiwa. Pale penye feni, feni ndiyo inayoamua mwelekeo, hata kama inaisukuma hewa ya moto chini.

Myuko unaweza kutegemewa tu ambapo joto ni dogo na njia ni wazi. Power Mac G4 Cube, iliyotolewa na Apple mwaka 2000, ilifanya hivyo: hewa iliingia chini, ikapanda katikati ya mche na kutoka juu bila feni. Uzalishaji wake ulisimamishwa Julai 2001. Apple ilirudi kwenye wazo la bomba la kati mwaka 2013 kwa Mac Pro ya umbo la silinda, yenye ujazo wa lita 5.5 hivi. Safari hii feni moja iliwekwa juu, na kichakataji pamoja na kadi mbili za grafiki zikashirikiana kipozaji kimoja chenye pande tatu. Usanifu huo ulidhania kuwa joto lingegawanyika kwa usawa pande zote tatu. Soko lilipoelekea kwenye kadi moja kubwa, hapakuwa na upande ulioweza kuibeba, na mwaka 2017 viongozi wa kampuni hiyo walikiri hadharani kuwa usanifu ule uliwabana upande wa joto. Silinda ile ilipoza vizuri vipuri ilivyokusudiwa. Ilichokosa ni nafasi ya kubadilika.

Imani ya pili ni kwamba kasha la alumini hupoa kuliko la chuma. Ni kweli kuwa alumini hupitisha joto vizuri zaidi. Hata hivyo, katika ukuta wenye unene wa milimita 1.5, ukinzani wa chuma au alumini ni mdogo mara maelfu kuliko ule wa tabaka la hewa tuli linaloganda juu ya uso wa ukuta. Kasha la lita 10 lina uso wa takriban mita ya mraba 0.3, ukuta wake wote ukizidi chumba kwa nyuzi 15, hutoa wati 45 hivi kwa myuko na mnururisho kwa pamoja. Kiasi hicho ni karibu sehemu moja ya kumi ya wati 400. Inafaa kuongeza kwamba rangi au utando wa anodi una athari kuliko metali yenyewe, kwa kuwa alumini tupu iliyong'arishwa hunururisha joto kwa shida sana.

Hewa inayorudi

Adui mkubwa wa kasha dogo ni hewa ya moto inayozunguka na kuvutwa tena. Athari yake hukua haraka kuliko inavyotarajiwa. Ikiwa hewa hupanda kwa nyuzi 15 inapopita kwenye mapezi, na robo ya hewa inayovutwa ni ile iliyokwisha kutumika, joto la kuingia huongezeka kwa nyuzi 5. Sehemu hiyo ikifika asilimia 40, ongezeko ni nyuzi 10 kamili. Kipozaji hakijaharibika, feni haijapungua kasi, lakini kichakataji kimepanda nyuzi 10 kwa sababu ya uwazi wa milimita chache ulioachwa kati ya feni na ukuta.

Tiba yake ni rahisi kwa kiwango cha kushangaza. Feni inayovuta hewa kupitia ubavu wenye matundu huzungushiwa pete ya sponji au plastiki inayoziba pengo hadi kwenye ukuta, ili isiweze kuvuta kutoka ndani. Kadi za grafiki zenye feni za wazi huwekwa feni zikiutazama ubavu kwa ukaribu. Kadi ambazo hupitisha sehemu ya hewa upande wa pili, kama RTX 3080 ya NVIDIA ya mwaka 2020, huleta ugumu katika mpangilio wa kupeana mgongo, kwani hewa yake hugonga ukuta wa kati na kutafuta pa kutokea.

Ili kubainisha hewa inayorudi, kipimajoto huwekwa sentimita moja mbele ya feni, nje ya mapezi. Kikisoma nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba, tatizo ni njia. Kikisoma sawa na chumba ilhali kichakataji kina moto, tatizo ni kipozaji. Watafiti wengi hupima kichakataji pekee na hivyo kushindwa kutenganisha mambo haya mawili. Moshi wa udi ukipitishwa taratibu kando ya matundu huonyesha mwelekeo bila gharama yoyote.

Kelele haina haja ya maelezo marefu: kasi ya feni ikiongezeka maradufu, mtiririko nao huongezeka maradufu, lakini sauti hupanda kwa desibeli 15 hivi. Feni kubwa inayozunguka polepole hushinda, pale inapoingia.

Joto la mazingira

Mapitio mengi ya makasha hupimwa katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Dar es Salaam, joto la mchana kati ya Desemba na Machi hufika nyuzi 32, na vyumba vingi havina kiyoyozi. Nyuzi 11 za tofauti huhamia karibu zote kwenye kichakataji. Kile kilichosoma 84 maabara kitasoma 95, ambao ndio ukomo wa vichakataji vingi vya Ryzen 7000. Hapo hulazimika kujipunguza kasi. Vumbi huzidisha hali hiyo, maana chujio lililoziba huondoa mtiririko ambao kasha dogo halina ziada yake. Chujio linalovutwa nje bila kufungua bisibisi moja ni sharti la usanifu katika mazingira haya, si pambo.

Feni zaidi si jibu la lazima. Kichakataji cha mfano huu kilizidi chumba kwa nyuzi 63. Ili kibaki 84 katika chumba cha nyuzi 32, kinaruhusiwa kuzidi kwa nyuzi 52, yaani nguvu yake ipungue kwa takriban asilimia 17. Nguvu itokanayo na transista kubadili hali hufuata kipeo cha pili cha volteji. Volteji ikishushwa kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, nguvu hiyo hushuka kwa asilimia 19. Si kila kichakataji huvumilia punguzo la kiasi hicho, na umeme unaovuja haufuati kanuni hiyohiyo, hivyo kila kimoja hupaswa kujaribiwa kwa saa kadhaa kikiwa na mzigo kamili, mchana, dirisha likiwa wazi.